Salamu za Fundi Hamimu

Mama Mwanasiti alifika redioni Jumanne baada ya swala ya adhuhuri, mtandio umezungushwa shingoni kufunika kovu la upasuaji. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesoma salamu za jioni kwenye redio hii ndogo ya Buyenzi, na gereji nyingi za mtaa zilikuwa zikipunguza kelele za nyundo kipindi chake kikianza. Ugonjwa wa koo ulimwachia mnong'ono tu. Ilibidi mtu ainame ili amsikie.

Spès, fundi wa kompyuta pale redioni, alimpisha kwenye kiti chake. Aliajiriwa wakati Mama Mwanasiti ameshaacha kazi, lakini sauti yake aliijua tangu utotoni. Kwao Kamenge, mama yake alikuwa akichambua maharagwe jioni huku redio iko dirishani, na mtu akiongea wakati wa salamu alifukuzwa nje.

"Hata baba alifukuzwa," Spès alimwambia.

Mama Mwanasiti alitabasamu, akamshika mkono. "Mwanangu, natafuta kipindi kimoja. Kile cha Ramadhani, siku Hamimu alileta futari hapa."

Hamimu alikuwa mumewe, fundi wa injini, marehemu sasa. Jioni ile alikuja na uji na sambusa, mkewe akamvuta mbele ya maikrofoni awasalimie wasikilizaji. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kusema redioni. Nyumbani zilibaki picha zake nyingi, ila sauti hakuna.

Spès alitafuta kwenye seva, asione kitu. Mkurugenzi Léonce, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa.

"Vipindi vya zamani tulivifuta, Mama. Nafasi ilikuwa imekwisha, na matangazo ya biashara yalikuwa yanangoja. Utusamehe."

Mama Mwanasiti hakulaumu. Alianza kutengeneza mtandio wake ili aondoke.

"Ngoja kwanza, Mama," Spès akasema. "Kuna nakala za akiba."

Akamweleza polepole. Kompyuta inayotunza vipindi vya redio si sanduku la kushika kwa mkono. Ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kubwa. Kila mwisho wa mwezi inanakiliwa yote, jinsi ilivyo siku hiyo, na nakala inawekwa kwenye diski ya pembeni.

"Basi rudisha ile ya zamani," Léonce akasema.

"Apana, Directeur. Nikirudisha yote, redio nzima itarudi siku ile. Habari za leo, matangazo ya wateja, kazi yote ya tangu wakati ule itapotea. Mi nitaifungua kando tu, niingie ndani, nitoe faili moja, nifunge."

Alichagua nakala iliyotangulia ule ufutaji, akaiunganisha kama diski ya pili, ya kusoma tu, isiandikwe kitu. Mafolda yakajipanga kwenye kioo. Redio ya zamani ilikuwa pale kama walivyoiacha: kipindi cha wagonjwa, mahubiri ya Ijumaa, mechi za mtaa, salamu.

Mama Mwanasiti hakuikumbuka tarehe. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa kumi la mwisho la mfungo na mvua ilikuwa inanyesha. Kwa hiyo walifungua kipindi kimoja baada ya kingine. Sauti yake ilijaa chumba, nyororo, yenye haraka, ikiita majina. Mohamadi, mchomelea vyuma, anamsalimia mjomba wake. Chanelle wa sokoni anamsalimia kijana fulani wa Kajaga, leo tena, na kesho yake tena.

"Waliishia kuoana hao?" Spès aliuliza.

"Walioana. Wako Uvira na watoto." Akasikiliza kidogo. "Mohamadi, Mungu amrehemu."

Kipindi cha Hamimu walikipata jioni ikianza kuingia. Spès alikinakili kwenye kompyuta ya leo, akabofya, kikakataa. Faili lilikuwa bado mali ya mtangazaji wa zamani ambaye jina lake halimo tena kwenye mfumo. Spès akalibadilisha mmiliki, akaliandika kwa jina lake yeye, kisha akabofya tena.

Mvua ilisikika kwanza, juu ya mabati. Kisha sauti nzito ya mwanamume.

"Mi sijui kusema mu redio. Nasalimia mafundi wote wa Buyenzi. Na we mwenye gari nyeupe, gari yako imepona, njoo uitoe, watoto wameigeuza kitanda."

Léonce alicheka. Mama Mwanasiti naye alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha ukaja muda wa wimbo. Lakini wimbo ulipigwa kutoka mashine nyingine. Rekodi hii ilikuwa ya maikrofoni peke yake, na hakuna aliyekumbuka kuisimamisha wakati wimbo ukienda hewani. Kijiko kiligonga bakuli.

"Kula kidogo, Siti. Tangu mchana unapeleka salamu za watu. Za kwako nani anakuletea?"

"Nani atanisalimia mie, na wote wananisikia kila siku?"

"Basi mi nakusalimia."

Mama Mwanasiti aliinama, akaweka kiganja juu ya meza, akakiacha pale mpaka rekodi ikaisha.

"Hilo nilikuwa nimelisahau," alinong'ona. "Wallahi, nilikuwa nimelisahau."

Léonce aliomba ruhusa ya kurusha kipande hicho Ijumaa. Mama Mwanasiti alifikiri kidogo.

"Cha gereji, sawa. Cha uji kibaki nyumbani."

Spès akakata kipande cha gereji na salamu zilizofuata kwa ajili ya redio, na rekodi nzima akaitia kwenye simu ya Mama Mwanasiti. Léonce akauliza kama vipindi vingine navyo vinaweza kutolewa. Vinaweza, Spès alimjibu, ila apewe diski kubwa zaidi. Safari hii Léonce hakubishana juu ya nafasi.

Ijumaa jioni Mama Mwanasiti alikaa barazani na dada yake Fadhila, redio katikati yao. Kipande cha Hamimu kilipokwisha, redio iliruka cha uji, ikaendeleza kipindi kile cha zamani, na sauti ya Mama Mwanasiti ya wakati ule ikaanza kusoma majina. Fadhila aligeuka kumwambia neno, akaghairi. Midomo ya dada yake ilikuwa inacheza, ikisoma salamu pamoja na redio, jina baada ya jina.