Mkono wa Nani

Mchezo ule niliuchagua nikiwa na akili zangu timamu. Naanza na hilo kwa sababu mjomba bado anawaambia watu kwamba ilikuwa bahati mbaya, nami nimemwacha aamini hivyo.

Kila mwaka ukoo wetu ukikusanyika sikukuu, mtu mmoja hubebeshwa kazi ya kuchagua mchezo. Safari hii mjomba alinipigia simu mimi. "Tuko watu arobaini na wawili," alisema. "Usiwe wa mbio, magoti ya mama yako mkubwa yameshastaafu. Usiwe wa kusoma, wadogo hawajui. Na karata usilete kabisa, binamu zako watatoana macho."

"Basi tulale tu," nikamwambia. Akacheka, akakata simu.

Nilikuwa kwenye chumba chetu cha ushonaji, na Bibi alikuwa ng'ambo ya meza akikata gauni. Bibi ameshona miaka hamsini, mimi nimeshona naye tisa. Mwaka jana aliingia mteja wetu wa siku zote. Bibi akampima, akapiga naye soga, akamwita mwanangu. Alipotoka, Bibi akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nilidhani ananitania. Tangu siku ile nikawa daftari lake. Nikisikia hodi, nalitaja jina la mgeni kwa sauti kabla hajakaa. Kwa ndugu hakunihitaji. Wajukuu wa kiume wote aliwaita "mume wangu", wa kike wote "mke mwenzangu", na watoto wake mwenyewe aliwaita mama na baba. Nani angeshtuka? Bibi gani hasemi hivyo?

"Usiwaambie," aliniomba. "Wakijua watanigawana. Mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule, na mkasi wataninyang'anya."

Nilimwahidi. Lakini nilichoka, jamani. Nilichoka kuitikia maswali yaleyale, nilichoka kulijua jambo hili peke yangu. Kuivunja ahadi kwa mdomo wangu sikuwa na ubavu, nikatafuta mchezo wa kunivunjia.

Mkono wa Nani hauna mambo mengi: unafungwa kitambaa machoni, unashikishwa mkono, unataja jina la mwenye mkono.

"Huo safi!" mjomba alisema nilipompigia. "Hata Mama atacheza."

"Hata Bibi," nikasema.

Siku ilipofika tulipanga viti duara sebuleni kwa mama mkubwa. Mjomba aliushika mkono wa mkewe akamtaja shemeji yake, tukacheka hadi machozi. Kisha watoto wakaanza, "Bibi! Bibi!" Bibi akanitazama. Nilimfunga kitambaa, kipande kilichobaki kwenye gauni alilolikata mwenyewe.

Alipewa mkono wa binamu yangu mrefu. Akaupapasa kuanzia kiganja hadi begani. "Mume wangu huyu," alisema. "Mikono ya shati inchi ishirini na sita, vinginevyo ataonekana kaazima." Sebule nzima ikaangua kicheko. Akapewa wa mama mkubwa. "Bega la kushoto limeshuka. Huyu huwa namwekea sponji." Wakampigia makofi.

Aliyekataa ni kitinda mimba wa mjomba, mwenye miaka sita. "Jina, Bibi! Sheria ni jina!"

"Jina! Jina!" watoto wakaitikia.

Bibi alirudisha vidole begani. "Sponji," alirudia polepole.

"Mama, si ni mimi huyu?" mama mkubwa alisema.

"Najua ni wewe, mama."

"Mimi nani?"

Bibi aliuachia mkono ule. Nikamwona mjomba akiweka kikombe chini. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilienda mbio kumfungua, lakini alinidaka mkono. Akapapasa dole gumba langu, penye sugu ya mkasi, akalisugua taratibu.

"Huyu namjua," alisema.

"Haya, Mama," mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Nani huyo?"

Wote waliinama mbele wakimwombea.

"Huyu," Bibi alisema, "ndiye aliyechagua mchezo."

Walishangilia! Mjomba akapiga makofi kuliko wote, akasema jibu ni sahihi, Mama apewe pointi. Bibi alikuwa bado ameushika mkono wangu, na kitambaa kilikuwa bado machoni pake.

Usiku uleule wakubwa walikaa kikao. Mwezi huu yuko kwa mjomba, mwezi ujao atakuwa kwa mama mkubwa. Mkasi wake ninao mimi.