Oili ya Gia

Paini zangu zilikuwa na miaka tisa. Mtu wa Kifanya akisikia hivyo anatikisa kichwa, sina haja ya kumweleza. Kwa wengine niseme tu kwamba paini ya miaka tisa bado ni mtoto. Ukiikata leo unauza miti ya kujengea mabanda na kuni. Ukivumilia, unauza mbao. Mimi na marehemu mume wangu Faustine tulipanda ekari mbili mwaka ule binti yetu Irine alipoanza darasa la kwanza, tukakubaliana hazitaguswa mpaka siku atakapoitwa chuo cha uuguzi. Faustine aliniachia miti hiyo, na maneno yake ya udereva.

Alikuwa anaendesha Fuso, lori la kubebea mbao. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika usukani, na kila tukifika mteremkoni aliniambia nitoe gia, gari liteleze lenyewe: "Weka free, mama, mteremko ni mafuta ya bure." Gia boksi ikipungukiwa oili hakuita fundi. Alikwenda dukani akasema, "Nipe oili ya gia," akajimiminia mwenyewe. Alipofariki nilinunua gari dogo la otomatiki la kubebea maziwa kutoka Kifanya hadi Njombe, na mara mbili kwa wiki hadi Makambako. Nikaliendesha kama Fuso. Nani angenikataza?

Mwezi wa sita niliona matone mekundu chini ya gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikajisemea, na nilijisikia mjanja kweli. Nikaenda dukani, nikasema kama marehemu: "Nipe oili ya gia." Muuzaji akanipa. Nikaimimina kwenye bomba la kijiti cha kupimia, ikashuka polepole kama uji uliopoa. Nilikaa pale na dumu langu nusu saa, nikijisifu kwamba nimeokoa hela ya fundi.

Wiki mbili baadaye nililala Makambako kwa dada yangu Esnath. Asubuhi ile ndiyo baridi kali ya mwaka ilipoanza, na ule upepo wao ulikuwa unakata masikio. Nikawasha gari, nikaweka D ya kwenda mbele, nikakanyaga mafuta. Injini ikalia, gari likakaa palepale. Shemeji akamwita fundi Stanley, jirani yao. Stanley akaingia, akakanyaga mara mbili tatu, akatoka anajifuta mikono ambayo haikuwa hata imechafuka.

"Gia boksi imekufa, mama. Ni kununua nyingine, ya mtumba. Jumamosi ukija na hela nitakuwa nimekutafutia."

Alitaja bei, nikaona giza. Sikumuuliza amejuaje. Saa sita mchana nilijaribu tena, gari likaondoka kama halijawahi kuwa na tatizo, nikamshukuru Mungu kwa huruma yake. Ningetumia akili nusu ya nilivyotumia magoti, leo nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Kila asubuhi likawa hivyohivyo. Maziwa yalinigandia mara tatu barazani huku gari likinililia. Wateja wakaanza kupiga simu, halafu wakaacha kupiga, na hilo la pili ndilo baya. Bila gari hakuna maziwa, bila maziwa Irine harudi shule likizo ikiisha. Nikamtafuta Rodrick, mnunuzi wa miti. Aliziangalia paini zangu, naye mwenyewe akaona huruma.

"Mama Irine, subiri hata miaka mitano."

"Nisubirie wapi?" nilimjibu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyeua gari.

Akanilipa hela ya miti yote. Jumamosi alfajiri watu wake waliingia shambani na misumeno, nami nikaondoka kwenda Makambako na hela kifuani, baada ya kulingoja gari hadi jua lipande. Sikutaka kusikia mti hata mmoja ukianguka.

Njombe mjini nilipita kwa Dafroza, mama lishe anayenunua maziwa yangu. Nilipomweleza akashika kiuno.

"Umemwuliza na mzee Anyisile? Yuko hapo nyuma tu. Kuuliza si ujinga, mwenzangu."

Mzee Anyisile alikuwa fundi wa siku nyingi, mtu wa Tandala. "Kamwene, mama," akanisalimia, nikamweleza yote. Hakugusa gari. Aliuliza tu.

"Linakataa saa ngapi?"

"Asubuhi, kwenye baridi."

"Na mchana?"

"Mchana linakwenda."

Akanitazama. "Mama, kitu kilichokufa hakifufuki saa sita mchana."

Akachomoa kijiti, akafuta, akachovya tena, akaisugua ile oili kati ya vidole, akanusa. "Haijaungua. Lakini nani amekuwekea oili nzito, namba tisini, humu? Hii ni ya Fuso. Otomatiki inakunywa haidroliki, nyepesi, nyekundu. Hii ikipigwa na baridi yetu inakuwa gundi, gari litavutwa na nini? Mteremkoni unaweka nini?"

"Free," nikasema kwa sauti ndogo.

"Acha. Unaporudisha D gari liko kasi, unaipiga gia boksi rungu. Niachie mpaka jioni. Namwaga hii, nasafisha chujio, naziba panapovuja, naweka haidroliki."

Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko maziwa yaliyonigandia. Nikampigia Rodrick. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena, nikapiga mara kumi na moja, na kila ikiita nilijua kwa nini hasikii. Nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva akimbie, nikalia kilomita zote bila aibu.

Nilisikia harufu ya utomvu kabla sijaona shamba. Rodrick alipoona nakuja napiga kelele na kanga mkononi, akawaambia watu wake wazime misumeno.

"Imebaki mistari minne," akasema taratibu. "Nirudishie hela ya hiyo, niiache."

Nikamrudishia. Mingine ilikuwa imelala kifudifudi hadi mtoni.

Jioni mzee Anyisile alileta gari mwenyewe, na Jumatatu kukawa na sakitu, majani yote meupe. Nikawasha, nikasubiri kidogo alivyonielekeza, nikaweka D. Likaondoka bila hata kukohoa. Irine alikuwa pembeni yangu na madumu ya maziwa, akapiga makofi. Tulipofika mteremko wa shambani mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye gia, nikaurudisha kwenye usukani.

"Mama," Irine akasema, "mbona linakwenda? Si ulisema limekufa?"

Tulikuwa tunapita kwenye visiki. Nikahesabu mistari iliyobaki, minne.