Bega la Msusi

Asubuhi ile mume wa msusi alimfunga mkewe vifungo vya gauni huku amekunja uso kama anayechomelea bomba. Kuchomelea vyuma ndiyo iliyokuwa kazi yake, na vidole vyake havikuumbiwa vifungo vidogo namna ile.

"Umeruka kimoja," msusi alisema.

"Hicho ni cha mapambo."

Alicheka hadi bega likamvuta. Tangu afanyiwe upasuaji, mkono wa kulia ulining'inia kifuani kwenye kitambaa, na nyumba iliendeshwa na wifi yake, aliyehamia pale na begi moja na mdomo usiopumzika. Wifi ndiye aliyelificha kopo la sukari.

"Wifi, chai hii ni maji ya kuoshea vikombe."

"Kunywa. Mimi namsikiliza daktari, sikusikilizi wewe."

Kweli daktari alikuwa amesema. Miaka ya kuinua mikono juu ya vichwa vya watu ilikuwa imelichana kano la bega, naye akalishona upya kwenye mfupa. "Mimi nimetia uzi tu," alimwambia. "Kushika ni kazi ya mwili wako. Umri siwezi kuubadili, wala ukubwa wa mchaniko. Lakini sukari yako ikipanda, kano linachelewa kupona. Ungekuwa unavuta sigara, tungegombana na hapo. Na usijaribu nguvu mapema. Wengi wakiona maumivu yamepungua wanabeba ndoo, kano linachomoka tena."

Siku hiyo ilikuwa ya mazoezi hospitalini. Mtaalamu wa viungo alimlaza chali, akaushika mkono na kuuinua polepole.

"Legeza. Usinisaidie."

"Nimezoea kusaidia."

"Naona. Legeza."

Mkono ukapanda kupita pale ulipogomea mara iliyopita. Sukari nayo ilikuwa imeshuka. "Linashika," mtaalamu alisema, akitabasamu. "Ila kusuka, bado kabisa."

Alitoka amechangamka, akamwambia wifi, aliyemsindikiza, wapitie saluni wawasalimie wenzake. Mwenye saluni, waliyemwita Madam, alimpokea kama aliyeletewa maji jangwani.

"Umekuja wakati wake! Bibi harusi huyu anakutaka wewe tu. Mistari ya mbele tu, nyuma tutamalizia."

"Madam, sijaruhusiwa."

"Si unatembea? Si unacheka? Mkono wenyewe naona mzima."

Bibi harusi alimtazama kwa macho ya kuomba. Vidole vya msusi vilimwasha. Angeweza kuianza ile mistari, na pengine bega lisingesema kitu mpaka kesho. Akakumbuka maneno ya daktari kuhusu ndoo.

"Siwezi," alisema.

"Haya. Basi nafasi yako nimempa mwingine." Madam alimwonyesha kwa kidevu binti mmoja aliyesimama penye kioo cha mwisho, ameinamia kitana chake. "Hapa hakuna likizo ya ugonjwa, unajua mwenyewe. Anayesuka ndiye anayekula."

Msusi alijua. Alikuwa ameanza kazi pale saluni ikiwa na kioo kimoja, na hakuna siku aliyoambiwa vinginevyo. Wifi akafungua mdomo. Msusi akamgusa kiwiko, anyamaze.

Kisha akaenda kwenye kiti cha wateja kilichokuwa mbele ya yule binti, akakaa.

"Mimi nimekuja kusukwa," alisema.

"Wewe?" Madam aliuliza.

"Mteja siku hizi anafukuzwa?"

Akavua kilemba kwa mkono wa kushoto. Nywele zilikuwa hazijaguswa tangu alazwe, zimesimama kila upande. Bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Madam alisonya, akakunja mikono ya blauzi, akamwendea bibi harusi yeye mwenyewe.

"Nikusuke vipi, dada?" binti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Upendavyo. Usivute sana, wala usiniogope."

Alifumba macho. Mkono ulitulia ndani ya kitambaa, na vidole vya binti vikaanza kutafuta njia utosini. Miaka yote aliyoshinda katika saluni ile, hii ilikuwa mara ya kwanza hana haraka ya kumaliza kichwa.