Chini ya Usimamizi

Sikudhani alikuwa muuguzi mkunga wa zahanati moja huko Lionja, peke yake kwa miaka tisa. Watoto aliowapokea walikuwa wameshajaza madarasa matatu ya shule ya msingi. Alipoomba kazi ng'ambo, mtihani wa Kiingereza aliufaulu mara ya kwanza. Kilichomkwamisha ni barua ya baraza la wauguzi la huko: uzazi wote aliousimamia peke yake hauhesabiki. Walitaka ushahidi kwamba amezalisha huku msimamizi akimtazama.

"Wangeniletea huyo msimamizi tangu mwanzo, ningemkaribisha kwa mikono miwili," alimwambia Hadija, mhudumu wa zahanati.

Akachukua likizo, akaenda Ruangwa, kwenye hospitali iliyokubali kumpokea. Msimamizi aliyepangiwa alikuwa Filbert, kijana aliyefanya mafunzo ya vitendo Lionja miaka mitatu nyuma, mikononi mwa Sikudhani huyo huyo.

"Shikamoo, dada," Filbert alisema, aibu imemjaa.

"Marahaba. Leo mimi ndiye mwanafunzi. Nitazame vizuri."

Wiki ya pili, mama mmoja alijifungua salama, kisha damu ikaanza kumtoka kama bomba lililopasuka. Filbert alisimama tu na glovu zake.

"Dada, tufanyeje?"

"Choma sindano ya oksitosini. Weka dripu. Mwite daktari."

Mikono ya Sikudhani mwenyewe ilikuwa tayari inaukanda mfuko wa uzazi. Aliukanda mpaka ukakaza, damu ikapungua, ikakatika. Daktari alipofika, mama alikuwa anauliza mtoto amefanana na nani.

Jioni wakaketi kujaza fomu ya baraza. Filbert akasoma: "Je, mwombaji alifuata maelekezo ya msimamizi?" Akainua uso. "Niandike nini? Mimi ndiye nilikuwa nakuuliza wewe."

"Andika niliyafuata."

"Maelekezo gani, dada?"

"Filbert, mdogo wangu, andika. Ukweli hauna nafasi kwenye hicho kisanduku."

Akaandika, akagonga muhuri.

Baada ya miezi minne jibu likaja: amekubaliwa. Hadija akapiga kigelegele, halafu akakikatisha.

"Na sisi tutazalishwa na nani?"

Sikudhani akaenda wilayani kuuliza. Walimwambia mbadala anatafutwa. Aliondoka mwezi wa nane, mbadala bado anatafutwa, na Hadija akabaki na funguo za chumba cha uzazi ambacho hakuruhusiwa kufanya kazi yoyote ndani yake ila kupiga deki.

Siku ya kwanza ya Sikudhani kazini ng'ambo, binti mmoja mpole alimpeleka kwenye sinki. Akamfundisha kunawa mikono: kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, usisahau gumba. Sikudhani akafuata kila hatua, taratibu, bila kukosea. Binti akatabasamu, akatia saini.

"Unajifunza haraka," akamwambia.