Saladi Hii ni ya Nani?

Haki ya Mungu, siku ile Mama Majani alikuwa na hasira za kuchemsha maji bila moto. Miaka tisa alikuwa amepika katika hoteli ile, na miaka tisa sifa zote zilikuwa zikienda kwa mpishi mkuu, mwanamume aliyetanguliwa na tumbo lake kila mlango. Wenzake walimwita Kofia, kwa sababu kazi aliyoijua vizuri kuliko zote ilikuwa kuivaa. Mama akipika, Kofia anabeba sahani. Wageni wakisifu, Kofia anainama kidogo na kusema, "Tunajitahidi."

Mwaka huo joto lilizidi, wageni wakawa wanarudisha vyakula vizito bila kufika hata nusu. Mama akabuni saladi: samaki wa kuchoma juu ya mkaa, akichambuliwa angali moto na kulazwa juu ya majani mabichi na matango. Ndimu, chumvi na mafuta humwagwa mwisho kabisa, sahani inapotoka. Watu waliila wakaiulizia tena. Mwenye hoteli, mzee asiyependa maneno mengi, akatangaza kwamba Ijumaa mchana angeionja mwenyewe, na aliyeibuni angekabidhiwa jiko jipya la barazani alisimamie apendavyo.

"Leo niachie mimi," Kofia alimwambia Mama Ijumaa asubuhi, akimtuma stoo kuchambua maharage. "Wewe mbele ya wakubwa unababaika."

"Nababaika? Mimi?" Mama aliuliza, lakini mtu alikuwa keshampa mgongo.

Aliporudi saa tano alikuta bakuli zima limeshachanganywa, ndimu na chumvi juu, saa mbili nzima kabla ya chakula! Amwambie? Alimtazama Kofia akijipangusa mikono kwa madaha, roho ikamwuma. Potelea mbali, akaufunga mdomo wake.

Ilipofika saa saba majani yalikuwa yamelegea, matango yametoa maji, na samaki anaogelea upya. Mwenye hoteli aliingia jikoni, akatafuna mara moja, akaweka uma chini.

"Nani kapika hii?"

"Mama huyu hapa, bosi," Kofia alisema, mkavu wa macho. "Nilimwambia asiharakishe."

Lo! Miaka tisa chakula kikiwa kitamu ni cha mwenzake, siku kimeharibika ndipo anarudishiwa! Mama alitupa kitambaa sakafuni.

"Mwongo mkubwa wee! Huna aibu!" alifoka, kisha akamgeukia mwenye hoteli. "Mzee wangu, hii ni yake. Zangu ni zile zote ulizowahi kula ukaomba kuongezewa. Nilikuta kawahi kutia ndimu nikanyamaza makusudi, na kwa hilo nifukuze ukitaka. Lakini kwanza tupe samaki mmoja mmoja, tuchome hapa mbele yako."

Waosha vyombo waliacha masufuria yao. Mzee alivuta kiti, akaketi.

Samaki wawili wakawekwa kwenye wavu wa chuma juu ya mkaa. Ukimgeuza mapema, ngozi yote inabaki chumani. Ukimchelewesha, anakauka kama mbao. Kofia alishika koleo. Alimsukuma wake kidogo, akamwacha. Akamsukuma tena. Jasho lilimtiririka hadi shingoni, moshi ukamwingia machoni, na kwa mazoea, bila hata kufikiri, akamwinamia Mama.

"Eti Mama, nigeuze?"

Jiko zima lilisikia. Mwenye hoteli alivua miwani yake.

"Mjibu, mpishi mkuu," alisema, na aliyekuwa akitazamwa ni Mama.

"Bado," Mama alisema. "Na toa mkono wako kwenye jiko langu."