Guba kwa Herufi Kubwa

...maana neno la kibao si shati, huwezi kulivua kesho, na huyu Sifasi kasimama juu ya ngazi na brashi yake, tone jekundu limening'inia, "Shangazi Lavinia, niandike nini, karanga au lile jingine?", ngoja mwanangu, ngoja, miaka arobaini nimechemsha majikoni mwa watu, leo kibanda changu, barabara yangu... na binti yangu kasema kwenye simu, "Mama, andika karanga, ukiandika guba watakucheka, huku mjini guba ni bwege, mtu asiyejua kufunga viatu", haya, lakini bibi yangu Bina hakulijua neno karanga, yeye aling'oa guba, akaosha guba, akatia chumvi mkono mzima, "zichemshwe leo leo, Vini, na udongo wake mbichi, guba hailali", na ukimuuliza neno lilitoka wapi, "lilivuka bahari mdomoni mwa wazee, mtoto, mikono yao ilikuwa imefungwa minyororo", na juzi yule muuguzi Mkongo anayenifunga mguu, alipoonjeshwa moja akaisahau bandeji, "kwetu nguba, mama, nguba!"... lakini shuleni, weee, fimbo ya Mwalimu Gadsden, tatu kila kiganja, "sema karanga! unataka watuone washamba?", viganja vikavimba, neno likashuka kooni likakaa, lisitoke tena mbele za watu... "Shangazi, rangi inakauka!", nimekusikia, mimi si kiziwi... na mvuke huu wa chumvi, mbona unamleta Mwalimu Gadsden, tena si darasani, mlango wa nyuma, Jumamosi, na kofia yake ya kanisani, bakuli chini ya kitambaa, macho huku na huku kama mwizi wa kuku, "Mama Bina, nipimie guba, za moto", guba, alisema guba, polepole, kama mtu anayetaja jina la mama yake, na bibi hakumcheka, akampimia, akamwongezea konzi juu, na Lavinia nyuma ya mlango, viganja vinawaka, akamwona mwalimu anakula palepale ngazini, maji ya chumvi yanamchuruzika hadi kwenye mikono ya gauni... kumbe naye lilimkaa kooni, maskini, naye alichapwa na nani?... sufuria inatokota, brashi ingali hewani, tone lingali limening'inia, "Shangazi?"

"Andika guba, Sifasi. Na herufi ziwe kubwa, mtu azisome bila kushuka garini."