Siku Ngege Wabichi Walipofika Rongo

"Mwaga tena, nyieka! Usiwaonee huruma, mwaga!"

Awino akainua ndoo na kumwaga. Maji ya ziwa yakapiga magunia kwa kishindo, yakapenya, yakachuruzika chini ya matenga na kurudi yalikotoka yakiwa yamebeba magamba mawili matatu. Kilima cha Asego kilikuwa bado cheusi, lakini huku ufukweni Homa Bay mitumbwi ilikuwa imeshavutwa mchangani na wavuvi walikuwa wakikung'uta nyavu. Filister alipiga magoti kati ya matenga yake, akitandika majani ya mgomba mabichi juu ya ngege waliotoka majini muda huo huo.

"Mimi nakusaidia tu kwa sababu ni nyieka wako, tumeolewa boma moja," Awino alisema, akijifuta maji usoni. "Lakini akili yako imekimbia. Samaki mbichi mpaka Rongo? Itafika ikinuka. Wale watu wa mlima watakufukuza na mawe."

"Wakinifukuza nitakimbia. Barabara si iko?"

"Barabara! Tangu wakuambie hiyo barabara imeisha, hulali."

Ni kweli, hakuwa amelala vizuri. Tangu mumewe azame, Filister alikuwa akiishi kwa moshi. Alinunua samaki ufukweni, akawabanika katika tanuri lake la udongo mpaka wakawa weusi na wakakunjamana, kisha akawapeleka bara kwa miguu, tenga kichwani, kupitia Rodi Kopany na Asumbi mpaka Rongo. Miguu haikuwahi kumlalamikia. Macho ndiyo yaliyomsaliti. Mwanzoni yaliwasha tu, baadaye yakawa yanaamka yamegandamana. Msimu uliopita wa mvua, daktari wa zahanati alimfunua kope kwa kidole gumba, akatazama kwa muda, akasema kwa upole, "Mama, chagua. Ama uache huo moshi, ama huo moshi ukuache bila macho."

Aache moshi ale nini? Samaki asiyebanikwa hakuweza kuvuka hata Rodi kwa miguu ya mtu. Filister alirudi kwenye tanuri lake akalia, na moshi ukamsaidia kulia.

Ndipo ikaja barabara. Serikali ya uhuru ilikuwa imeamua kwamba njia ile ya ng'ombe kutoka gatini mpaka Rongo ipanuliwe, inyooshwe, imwagiwe changarawe, malori yapite mvua na jua. Filister aliitazama ikikua. Kila safari aliikuta imesonga mbele kidogo, nyekundu, pana, ikinukia udongo uliogeuzwa. Wengine waliona vumbi. Yeye aliona maji ya ziwa yakipanda mlimani.

Honi ililia kule juu ya gati.

"Onsongo huyo! Shika upande huo!"

Onsongo alikuwa dereva wa mkandarasi, Mkisii mwenye shingo nene, Msabato asiyeonja hata chai. Lori lake lilikuwa limepakiwa mabomba makubwa ya saruji, yale ya kupitishia maji chini ya barabara, nayo yalikuwa yanapelekwa kambi ya Rongo. Alipoona matenga yanayochuruzika maji alishika kiuno.

"Mama Filister, nilisema nitabeba wewe. Sikusema nitabeba ziwa."

"Ziwa ndiyo linanibeba mimi, omera, ndugu yangu. Fungua nyuma."

"Utaweka wapi? Umeona nafasi?"

Filister alishaiona. Alipanda kwenye gurudumu, akasukuma tenga la kwanza ndani ya bomba la saruji, kwenye kivuli na baridi, likakaa kama yai kiotani. Onsongo alitazama, akacheka mpaka shingo ikatikisika.

"Haya! Leo samaki wamepanga nyumba."

Wakaondoka. Filister alikaa kando ya dereva, akashika mlango kwa mkono mmoja na kilemba kwa mwingine, maana upepo ulikuwa unaingia kwa fujo. Hakuwahi kukiona kitu kama kile. Kilima alichozoea kukipanda akihema, lori lilinguruma mara moja likawa juu yake. Jiwe alilozoea kupumzikia lilikuja, likapita, hata hakupata nafasi ya kulisalimu. Watoto waliruka kutoka kwenye mashamba ya mtama wakishangilia, na yeye akajikuta anawapungia mkono kama mke wa waziri. Rodi Kopany wakafika jua likiwa bado changa. Wanawake waliokuwa wakipanga mihogo sokoni wakainuka.

"Filister! Umekuwa mzungu?"

"Nimekuwa upepo!" akawajibu, na lori likawaacha kwenye vumbi na vicheko.

Kabla ya Asumbi furaha ikakatika.

Barabara iliteremka kwenye kijito, na pale bondeni Onsongo akakanyaga breki. Mvua ya usiku, ambayo huko ufukweni hata haikudondoka, ilikuwa imemega barabara katikati. Maji ya rangi ya matofali yalikuwa yakipita palipokuwa na njia, na vibarua walisimama pande zote mbili na majembe begani. Nyapara wao, Machuki, mwembamba mwenye kofia ya jua, alikuja mbio kabla lori halijatulia.

"Mungu mkubwa! Mabomba! Shusha hapa, shusha yote!"

"Haya ni ya Rongo," Onsongo alisema.

"Rongo itangoja. Hapa ndiyo kuna shimo. Tutalaza haya, tujaze mawe, kesho kutwa gari zipite."

Kesho kutwa ngege wa Filister wangekuwa wameoza. Jua lilikuwa limeanza kuchoma mabega. Alishuka, akaenda nyuma, akaingiza mkono chini ya gunia. Majani bado yalikuwa na baridi, lakini ukingoni ilishaanza kupotea.

"Rudi na mimi, mama," Onsongo alimwambia taratibu. "Nikishusha nageuza. Utawahi kuwabanika kabla hawajaharibika."

Kuwabanika. Aliziona kuni akilini mwake, mdomo wa tanuri, moshi unaomngoja. Kisha akatazama ng'ambo. Upande wa pili wa maji, trekta lilikuwa limeegeshwa likivuta tangi la maji, na kijana mnene alikuwa amekaa juu yake akila muwa.

"Yule anaenda wapi?"

"Okemwa? Anachota maji hapa, anaenda kumwagia changarawe kule mwisho, karibu na Rongo," Machuki alijibu. "Kwa nini?"

Filister alikuwa ameshageuka. Alivuta tenga kutoka kwenye bomba, akalipandisha kichwani, akakunja rinda, akaingia majini.

"We mama! Maji ina nguvu hiyo!"

Maji yalimshika magoti, kisha mapaja. Chini, mawe yalikuwa yakiteleza kama migongo ya kambare. Katikati mguu ulimponyoka, tenga likayumba, umati mzima ukapiga ukelele mmoja, akasimama. Mtoto wa ziwa haangushwi na kijito. Alipofika ng'ambo aligeuka na kupaza sauti, "Wanaume wa Homa Bay, wa Kisii, wa wapi sijui! Mnatazama mama mzee akibeba peke yake?"

Hakuwa mzee, lakini neno lilifanya kazi. Kibarua mmoja akatupa jembe, wa pili akafuata, na punde si punde walikuwa wamejipanga ndani ya maji bega kwa bega, matenga yakipita juu ya vichwa vyao kutoka mkono hadi mkono, huku mmoja akianzisha wimbo wa kuvuta nyavu na wengine wasioujua wakiitikia vivyo hivyo. Machuki alipiga kelele kwamba hii ni kazi ya serikali, si ya samaki. Kisha tenga la mwisho likamfikia yeye, na ilimbidi alipokee ama alione likianguka. Akalipokea. Alipolipitisha mbele, alikuwa anacheka.

Okemwa alitema muwa. "Juu ya tangi? Mama, watanicheka mpaka nioe."

"Watakucheka ukiwa umeshiba. Twende, mwanangu!"

Ndivyo ngege wa Homa Bay walivyoingia Rongo, juu ya tangi la maji, Filister amepanda kati yao amekumbatia matenga, akichota kwa kikopo na kuwamwagia kila walipopanda mlima. Trekta lilijikokota. Waendesha baiskeli waliwapita. Filister aliliomba, akalibembeleza, akaliahidi ngege. Jua lilikuwa karibu utosini walipoliona soko.

Nyamoita alikuwa akipika uji kibandani mwake. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mnunuzi wake mkubwa wa samaki wa moshi, mwanamke wa Kisii aliyehamia Rongo na mumewe kwa biashara. Alipofunua gunia akarudi nyuma.

"Filister, hii ni nini? Mbona haijaiva?"

"Ni mbichi. Imetoka majini leo asubuhi."

"Leo?" Nyamoita aliwageukia wanawake waliokuwa wamezunguka. "Anasema leo! Samaki ya kweli ni nyeusi. Hii nyeupe imekufa lini?"

"Hata macho inanitazama," mmoja alisema, akajitenga.

Filister alifunua mashavu ya ngege, akawaonyesha wekundu. Walitazama, wakatikisa vichwa. Filister aliwatazama ngege wake. Ametoka nao ufukweni, amevuka nao maji, na sasa watamharibikia hapa mbele ya watu, ziwa lote limpotee mikononi.

Ndipo tenga la mwisho likatikisika lenyewe.

Gunia liliinuka, likashuka, likainuka tena. Kabla mtu hajauliza, kambare mweusi, mnene kama mkono wa mtu, aliyekuwa ameteleza humo bila mvuvi kumwona, alichomoka na masharubu yake, akaanguka mavumbini na kuanza kujipigapiga miguuni mwa watu. Soko likalipuka. Nyamoita, shemasi wa kanisa la Sabato, ambalo waumini wake hawali samaki asiye na magamba, alijikuta amepanda juu ya benchi lake.

"Hana magamba! Huyo hana magamba! Mtoe!"

"Lakini anaishi!" Okemwa alipiga kelele akiwa bado juu ya trekta. "Mama zangu, si mnaona anaishi? Basi wenzake wamekufa lini?"

Fundi viatu mmoja, Mkatoliki wa Asumbi, alimrukia kambare, akamfunga kwenye aproni yake na kuondoka naye kwa furaha kabla mtu hajabadili mawazo. Nyamoita akashuka polepole. Akachukua ngege mmoja, akapitisha kidole juu ya magamba yake, kinyume na yanavyolala, akasikia yanavyokwaruza.

"Huyu ni halali," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Anapikwa namna gani?"

"Lete sufuria."

Filister alimparua, akampasua, akamwosha, akamlaza kwenye nyanya na kitunguu juu ya moto wa Nyamoita, moto mdogo, safi, uliowaka bila kufuka. Harufu ilipoanza kutembea sokoni, hata wauza mahindi waliacha mahindi yao. Nyamoita alimega ugali wa wimbi, akachovya, akatafuna akiwa amefumba macho. Watu wote walikuwa wanamtazama mdomo.

"Ee," alisema. Akamega tena. "Ee! Kumbe miaka yote tulikuwa tunakula makaa!"

Baada ya hapo Filister hakuweza kusema nani alichukua nini. Mikono ilikuja kutoka kila upande, wakasukumana, wakagombania, mmoja akaondoka na samaki akimshika mkia kama mtoto mtundu anayeburutwa nyumbani. Okemwa alipewa wake akampeleka kwenye trekta bila aibu. Matenga yalipobaki na majani tu, Filister alikaa chini kwenye kivuli cha kibanda, miguu imenyooka mbele, akaanza kucheka peke yake, na Nyamoita akamletea kikombe cha uji, akakaa kando yake, akacheka pia.

Ni bibi mmoja tu, Nyanchoka, shangazi yake Nyamoita, aliyekuwa bado hajaondoka. Alikuwa amewafunga ngege wake kwa majani na kuwaweka kwenye kikapu, naye alikuwa anatazama upande wa mashariki, milimani, mahali ambapo kulikuwa na njia ya miguu tu.

"Kwetu barabara itafika lini?" aliuliza.

"Sijui, mama," Filister alisema. "Ni mbali?"

"Kwa miguu yangu, jioni nitakuwa nyumbani. Mume wangu hajawahi kuona samaki mwenye macho." Akajitwika kikapu, akakirekebisha. "Siku ya soko utakuja?"

"Nitakuja."

Bibi akaanza kupanda. Filister alimfuata kwa macho kati ya migomba, akipotea, akionekana tena juu zaidi. Kikapu kilikuwa bado kinavuja. Nyuma yake, kwenye vumbi jekundu la ile njia nyembamba, matone ya maji ya ziwa yalikuwa yakidondoka moja moja, yakipanda mlima.